Tumsaidieje mtu asemaye: "Mimi siwezi"?

Katika kila darasa la shule zetu yupo mwanafunzi ambaye jina lake husahauliwa upesi. Si mtundu, wala si mvivu. Huketi nyuma, karibu na ukuta. Akiulizwa swali huinamisha kichwa, hata kama jibu analo mdomoni. Mwalimu akimwita ubaoni, chaki hutetemeka mkononi mwake. Ukimwuliza sababu, atakujibu neno moja tu: "Siwezi."

Neno hilo halikai shuleni peke yake. Twalisikia kwa kijana aliyeanguka mara moja katika Mtihani wa Serikali, akakataa kuujaribu tena, ingawa wenzake walioanguka pamoja naye wamekwisha kupata diploma zao. Twalisikia kwa mama anayetoka hospitalini na dawa mkononi bila kujua namna ya kuzinywa, kwa kuwa aliogopa kumwuliza mganga mara ya pili. Twalisikia kwa baba aliyepoteza kazi, ambaye sasa hata akisikia kwamba mahali fulani watu wanatafutwa, hatoki nyumbani. Watu hawa hawakupungukiwa na akili wala nguvu. Wamepungukiwa na kujiamini. Na hasara yake ni kubwa, maana mlango u wazi mbele yao, nao wapita kando.

Je, mtu wa namna hii aweza kusaidiwa? Wengi hudhani kwamba kujiamini ni jambo la kuzaliwa nalo, kama urefu wa kimo: huyu kapewa, yule kanyimwa. Wengine hudhani kwamba huletwa na maneno matupu, basi humwambia mwenzao, "Jipe moyo! Usiogope!" kisha hushika njia yao. Sisi twataka kuonyesha leo kwamba wote wawili wamekosea. Kujiamini hujengwa, tena hujengwa kwa njia zinazojulikana. Mojawapo ya njia hizo ni shauri jema, yaani mazungumzo ya siri na mtu anayejua kusikiliza, ambayo mwisho wake si maneno bali ni tendo.

Kujiamini si majivuno

Kwanza tuondoe shaka moja inayowatatiza wazazi. Wazee wetu hawapendi mtoto anayejidai, nao wana haki. Lakini kujiamini na majivuno si kitu kimoja. Mwenye majivuno husema: "Mimi ni bora kuliko ninyi." Mwenye kujiamini husema: "Kazi hii naweza kuijaribu, nikishindwa nitauliza, kisha nitajaribu tena." Mwenye majivuno hawezi kuuliza, maana huona haya kuonekana hajui. Mara nyingi, ukimchunguza sana, utakuta kwamba chini ya kelele zake umejificha woga ule ule wa mtoto wa nyuma darasani. Basi mzazi asiogope kwamba, akimsaidia mwanawe kujiamini, atamfanya mwenye kiburi. Mtoto anayejiamini hana haja ya kumdharau mwingine ili ajione mkubwa.

Kujiamini hutoka wapi?

Mmoja wa wataalamu waliochunguza habari hii kwa uangalifu mkubwa ni Albert Bandura. Alizaliwa mwaka wa 1925 katika Mundare, mji mdogo wa jimbo la Alberta, nchi ya Kanada. Wazazi wake walikuwa wahamiaji waliotoka Ulaya ya mashariki. Shule yao ilikuwa na uhaba mkubwa wa walimu na vitabu, hata wanafunzi walilazimika kujifundisha mambo mengi wenyewe. Mtoto huyo wa shule maskini akawa profesa katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, na jina lake likajulikana duniani kote. Alifariki mwaka wa 2021.

Bandura na wasaidizi wake waliwatafuta watu waliokuwa wakiogopa nyoka kupita kiasi. Kwetu Kongo kumwogopa nyoka ni busara, maana wapo nyoka wetu wanaoua. Lakini watu wale waliogopa hata nyoka asiye na sumu aliyefungiwa kizimbani, na hofu hiyo iliwazuia hata kufanya kazi bustanini. Bandura hakuwahutubia, wala hakuwasukuma mbele kwa nguvu. Msaidizi alimshika nyoka kwanza, nao wakamtazama kwa mbali. Kisha aliwaongoza hatua kwa hatua: waingie chumbani, wasogee karibu, wamguse kwa mkono uliovikwa glavu, halafu kwa mkono mtupu. Mwishowe wengi waliweza kumshika nyoka yule wenyewe, bila msaada wa mtu. Tena baadhi yao walisema kwamba tangu siku ile hata mambo mengine ya maisha hayakuwatisha kama zamani.

Katika makala aliyoitoa mwaka wa 1977, Bandura alieleza kwamba mtu hupata imani ya kuwa aweza kutoka katika chemchemi nne.

Ya kwanza, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote, ni kazi aliyokwisha kuitimiza kwa mikono yake mwenyewe. Aliyevuka mto mara moja hujua kwamba mto huvukwa.

Ya pili ni kumwona mwenziwe akifaulu, mwenzi aliye sawa naye. Mtoto wa fundi hatatiwa moyo na mwana wa tajiri aliyepata diploma. Atatiwa moyo na mtoto wa fundi mwingine.

Ya tatu ni maneno ya mtu anayemheshimu, yaani mtu anayemwambia kwa kweli, "Jambo hili laweza kufanywa nawe." Maneno yana nguvu yake, lakini nguvu hiyo hupotea upesi yasipofuatwa na tendo.

Ya nne ni hali ya mwili wake. Moyo ukipiga mbio na jasho likitoka mbele ya mtihani, mmoja husema, "Haya, nimekwisha shindwa." Mwingine husema, "Mwili wangu unajitayarisha kwa kazi." Dalili ni zile zile, lakini maana wanayozipa si moja.

Mshauri asiyezijua chemchemi hizi hutumia ile ya tatu peke yake. Husema, husema tena, kisha hushangaa kwamba maneno yake yamepita kama mvua juu ya jani la mgomba.

Sifa zinazojenga na sifa zinazobomoa

Hapa twataka kuwaonya wazazi juu ya kosa linalotokana na upendo. Mwaka wa 1998 wataalamu wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa watoto wa shule ya msingi. Watoto walipewa mafumbo ya kutatua, wakafaulu. Wengine waliambiwa, "Una akili sana." Wengine waliambiwa, "Umefanya bidii sana." Kisha wote walipewa mafumbo magumu, wakashindwa.

Ndipo tofauti ilipoonekana. Waliosifiwa akili walivunjika moyo upesi, na mafumbo ya mwisho waliyafanya vibaya kuliko yale ya mwanzo. Waliosifiwa bidii waliendelea kwa moyo, wakafanya vizuri zaidi. Tena, watoto walipoombwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine alama walizopata, wale waliosifiwa akili ndio waliodanganya kwa wingi zaidi.

Sababu yake si ngumu kuitambua. Mtoto akiambiwa kila siku kwamba ana akili, siku anapoanguka hufanya hesabu yake mwenyewe: "Kama kufaulu kulionyesha akili, basi kuanguka kunaonyesha ujinga." Lakini aliyesifiwa bidii, akianguka, hujua la kufanya: aongeze bidii au abadili njia. Kwa hiyo, mama, mwanao akileta alama nzuri, usiseme tu, "Mwanangu ni mwerevu." Mwulize, "Ulifanyaje hata ukaelewa?" Swali hilo humkumbusha kazi aliyoitenda, nayo kazi hiyo ni mali ambayo hakuna mtihani utakaomnyang'anya.

Benchi la wamama wa Mbare

Pengine msomaji atasema: "Haya yote ni ya wataalamu. Sisi huku hatuna mganga wa akili wala profesa. Nani atatushauri?" Jibu moja limetoka hapa hapa Afrika, katika nchi ya Zimbabwe.

Mwaka wa 2005 serikali ya nchi ile ilibomoa nyumba na vibanda vingi katika miji. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makao yao, au riziki yao, au vyote viwili. Waganga wa magonjwa ya akili katika nchi nzima hawakufika 20. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alitaka kuwasaidia watu wa Mbare, mtaa wa watu wengi katika mji mkuu wa Harare. Wauguzi hakuwapata, kwa kuwa kazi ziliwazidi. Chumba nacho hakukipata, kwa kuwa vyote vilijaa wagonjwa. Alichopata mwaka wa 2006 ni wanawake wazee 14, waliokuwa wakihudumia afya ya jirani zao, pamoja na nafasi ya nje, penye uwanja. Basi wakaweka benchi la mbao, na wazee wale wakaketi hapo kuwasikiliza watu.

Tazameni, wasomaji, jinsi hekima ya wazee ilivyomfundisha mganga. Mwanzoni benchi lilipewa jina la afya ya akili. Wamama wakasema: "Kwa jina hilo hatakuja mtu, maana nani anataka kuonekana mwenye wazimu?" Wakalibadili, likawa benchi la kupeana mawazo, na kwa lugha za kigeni likaitwa benchi la urafiki. Hata ugonjwa wenyewe hawakukubali kuuita kwa jina la vitabuni. Walitumia neno la Kishona, lugha yao: *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi.

Lugha ya Kishona ni ndugu ya Kiswahili, lakini maneno mengine yamebadili maana njiani. Kwao *kufunga* ni kuwaza. Kwetu ni kutia kamba. Nasi twaona kwamba maana hizo mbili hukutana ndani ya mtu tunayemsema, kwa kuwa anayewaza kupita kiasi amejifunga kweli kweli.

Mazungumzo ya benchi lile yana hatua tatu. Ya kwanza huitwa *kuvhura pfungwa*, yaani kuyafungua mawazo: mtu hueleza matatizo yake yote, naye mama hasemi mengi. Kisha matatizo huhesabiwa moja moja, na mwenye matatizo mwenyewe, si mama, huchagua moja la kuanzia. Pamoja hutafuta hatua ndogo inayowezekana: aende kwa nani, lini, na kwa neno gani. Ya pili ni *kusimudzira*, yaani kumwinua. Ya tatu ni *kusimbisa*, yaani kumtia nguvu, ili arudi nyumbani akatende, kisha aje tena kueleza yaliyotokea. Kwa Kishona, *simba* ni nguvu. Kwetu ni mnyama mwenye nguvu. Baada ya mikutano ipatayo sita, mtu huingia katika kikundi cha wenzake waliopitia benchi lile. Huko huongea huku wakifuma mifuko ya kuuza, ili mkono upate kazi na nyumba ipate kitu kidogo.

Je, njia hii ilifaa kweli, au ni hadithi nzuri tu? Jambo hilo lilipimwa. Watu 573 wa zahanati 24 za Harare walifuatwa kwa miezi sita. Nusu ya zahanati hizo ziliwapa watu wao benchi la wamama. Nyingine ziliwapa huduma ya kawaida iliyoongezwa kidogo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2016. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, 50 hivi kwa kila 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito. Kati ya walioketi na wamama, walikuwa 14 hivi tu kwa 100. Tangu hapo benchi hilo limevuka mipaka. Limefika Malawi na Zanzibar, hata New York.

Sisi twauliza: wamama wale walitoa nini? Hawakutoa fedha, wala dawa, wala sifa. Walimpa mtu sikio, halafu wakamrudishia tatizo lake likiwa limekatwa vipande vidogo, ili kipande kimoja aweze kukibeba mwenyewe. Akikibeba amepata ile chemchemi ya kwanza, ambayo hakuna mtu awezaye kumtekea mwingine.

Ushuhuda wa Kivu

Nasi wa Kongo tuna ushuhuda wetu, tena wa mahali penye maumivu makubwa. Wote twajua jinsi vita vilivyowatesa wanawake wa Kivu. Mwaka wa 2013 jarida la waganga liitwalo *New England Journal of Medicine* lilieleza kazi iliyofanywa katika vijiji vya huko, miongoni mwa wanawake waliotendewa jeuri. Katika vijiji vingine kila mwanamke aliyetaka alipata msaada wa mshauri peke yake. Katika vingine waliitwa kwenye mikutano 12: mmoja wa mtu peke yake, na 11 ya kikundi. Waliowaongoza walikuwa wasaidizi Wakongomani waliofundishwa kwa kazi hiyo. Kwa kuwa wengi wa wanawake hawakujua kusoma, mafundisho yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa.

Walijifunza nini? Walijifunza kuyapima mawazo yao. Mwanamke aliyeumizwa hubeba mawazo mazito kama haya: "Kosa ni langu. Sifai kitu tena." Mshauri hamwambii, "Usiwaze hivyo," maana mawazo hayatii amri. Humwuliza: "Wazo hilo limetoka wapi? Lina ushahidi gani? Nani aliyeshika silaha siku ile, wewe au yeye?" Polepole mwanamke huona mwenyewe kwamba alikuwa akijihukumu bila shahidi.

Kabla ya mikutano, walio wengi walikuwa na huzuni au hofu nzito. Miezi sita baada ya mikutano kwisha, katika vijiji vyenye vikundi waliobaki hivyo walikuwa 9 tu kwa 100. Katika vile vingine hali ilikuwa nafuu pia, lakini waliobaki na huzuni au hofu walikuwa 42 kwa 100. Kama njia hii imewainua watu walioumizwa kiasi hicho, itakosaje kumwinua mtoto anayeogopa ubao?

Mfano wa mazungumzo

Ili jambo hili lisibaki hewani, tutoe mfano. Kijana amerudishwa mwaka wa tatu wa sekondari, naye hataki tena shule. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, amemwita baada ya masomo. Wameketi chini ya mwembe, mbali kidogo na wenzake.

"Karibu, mwanangu. Nimesikia kwamba hutaki kurudi darasani."

"Ndiyo, Mwalimu. Mimi sina akili."

Mwalimu hakubishana naye. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Nani aliyekuambia hivyo?"

"Baba. Hata buletini inasema."

"Buletini unayo? Tuisome pamoja. Jiografia umepata ngapi?"

"Kumi na nne kwa ishirini."

"Kifaransa?"

"Kumi na mbili."

"Umeanguka wapi?"

"Hesabu na fizikia."

"Basi buletini inasema nini hasa?"

Kijana alifikiri. "Inasema kwamba hesabu na fizikia zilinishinda."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Mwalimu, nilipougua. Nilikaa nyumbani wiki tano. Niliporudi wenzangu walikuwa mbali, nikaona haya kuuliza."

"Pole, mwanangu. Jambo hilo hukumwambia mtu?"

"Hapana."

Wakanyamaza tena. Kisha mwalimu akasema: "Tutafute mahali ulipoachia njia. Ukichukua kitabu cha mwaka jana, sura ile uliyoikosa, waweza kufanya hesabu tano kila jioni?"

"Tano sijui, Mwalimu. Tatu naweza."

"Ziwe tatu. Ni wewe uliyesema. Yuko kijana wa mwaka wa tano aliyerudishwa kama wewe, naye sasa anaendelea vizuri. Nikimwomba, atakubali kukuonyesha. Nimwombe?"

"Mwombe, Mwalimu."

"Jumamosi uje unionyeshe daftari. Hata kama umekosa zote, uje."

Tuyatazame mazungumzo hayo. Mwalimu hakusema, "Una akili sana." Kijana asingemsadiki. Hakumlaumu baba yake mbele yake. Alilipima wazo la "sina akili" kwa ushahidi wa buletini, na kijana mwenyewe ndiye aliyelisahihisha. Alimwachia kijana achague kipimo chake, kwa kuwa hesabu tatu alizozichagua mwenyewe zina faida kuliko tano alizoamriwa. Alimtafutia mwenzi aliyewahi kuanguka kama yeye. Alimpa siku ya kurudi. Na neno lile la mwisho, "Hata kama umekosa zote, uje," ndilo lililomhakikishia kwamba thamani yake haikuandikwa kwenye daftari.

Carl Rogers, Mmarekani aliyeanza katika seminari kabla ya kuingia elimu ya nafsi, alifundisha kwamba mtu huweza kubadilika akikutana na mwenzi mkweli, anayemheshimu bila masharti na anayejitahidi kuona mambo kama yeye anavyoyaona. Mwalimu yule aliyafanya hayo matatu bila kuyataja.

Makosa ya washauri

Si kila anayependa kushauri hufaa kushauri. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndilo kosa la kwanza, kuuona mwepesi mzigo tusioubeba sisi: "Jambo dogo tu hilo!" Mtu akisikia hivyo, hunyamaza, na hatasema tena.

Kosa la pili ni kumlinganisha: "Mbona dada yako anaweza?" Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, si na dada yake.

Kosa la tatu ni kumtendea kazi yake. Baba anayemwandikia mwanawe barua ya kuomba kazi amepata barua nzuri, lakini kijana amejifunza kwamba hawezi kuandika.

Kosa la nne ni kufichua siri. Neno lililosemwa chini ya mwembe likisikika kesho sokoni, mwembe ule hauna kivuli tena. Lakini mtoto akieleza kwamba anapigwa au anaharibiwa, mshauri asimwahidi kunyamaza. Amwambie wazi kwamba atamtafuta mtu mwenye uwezo wa kumlinda. Wala mazungumzo haya yasichanganywe na kitubio. Kitubio ni sakramenti, na padri pekee ndiye aondoleaye dhambi. Na mtoto aliyejaa hofu hakutenda dhambi kwa kuogopa.

Tena kuna mipaka. Mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa karo hakukosa kujiamini, amekosa karo. Tusimhubirie moyo mkuu mahali pa kutafuta msaada. Mtoto asiyeona ubao anahitaji miwani. Na mtu asiyelala, asiyekula, au anayesema kwamba heri afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe kwa waganga. Katika Bukavu ipo hospitali ya SOSAME ya Frères de la Charité, inayowatunza wagonjwa wa akili, nako kwenda huko si aibu kuliko kwenda kutibiwa mguu uliovunjika.

Kazi ya juma hili

Basi, wazazi, walimu na ninyi wanafunzi, tusiishie kusoma. Kila nyumba ina mtu asemaye "siwezi". Juma hili mtafuteni saa ambapo hapana watu wengi. Mwulizeni swali moja, kisha nyamazeni hata kama kimya kitakuwa kirefu. Msikilizeni mpaka mwisho. Msaidieni kuchagua kazi moja ndogo, ndogo kiasi kwamba yeye mwenyewe atasema, "Hiyo naweza." Kisha mkumbuke kumwuliza ilikwendaje.

Nawe mwanafunzi wa nyuma darasani, unayesoma maneno haya bila kumwambia mtu kwamba yanakuhusu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huhitaji kwanza kuacha kuogopa ndipo uanze. Kesho uliza swali moja tu, hata kama sauti yako itatetemeka. Kesho kutwa, ukiogopa tena, utakuwa tayari na siku moja uliyoweza.